Kumwandaa mvuvi wa dagaa kwa safari ya bahari kuu: kisa kutoka Igombe

Dada yangu ndiye aliyeuliza swali lililogeuza maandalizi yote. Tulikuwa tumekaa uani kwake, Igombe, mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, Mwanza, mwanawe akinionyesha kwa fahari fundo alilojifunza siku ile. Dada akaacha kuchambua mchele, akaniuliza, "Kaka, huyu mtoto atalala saa ngapi?" Nikamjibu kwamba watalala kwa zamu, kama mabaharia wote. Akasema, "Huyu hajawahi kulala majini hata usiku mmoja."

Nilitaka kumkatalia. Kijana anavua dagaa tangu amalize kidato cha nne, na usiku wake mwingi ameumalizia ziwani. Kisha nikaona mama yake amesema kweli. Amekesha majini miaka sita. Kulala, amelala nchi kavu, mchana, baada ya dagaa kuanikwa.

Naandika kisa hiki kwa urefu, pamoja na wiki mbili nilizozipoteza na kiganja cha jirani yangu kilichochunika, kwa sababu vijana wa mialo yetu wameanza kupata kazi kwenye boti za matanga zinazovuka bahari, na wanaowaandaa ni wajomba na baba wadogo kama mimi. Kazi tunaijua. Lakini hatukai chini tukajiuliza kijana wa ziwa anakosa nini hasa.

Safari na msafiri

Mpwa wangu alikuwa na miaka 23. Rafiki yake aliyeko Dar es Salaam alikuwa amemuunganisha na nahodha mmoja wa kigeni mwenye boti ya matanga ya futi 40, aliyetafuta mtu wa tatu wa kumsaidia kuipeleka Mahé, Shelisheli. Wa pili alikuwa baharia wa Tanga mwenye uzoefu. Kuondoka kungekuwa katikati ya Januari, na habari ilitufikia mwishoni mwa Novemba. Malipo hayakuwa makubwa, ila tiketi ya ndege ya kurudi ilikuwepo, na kijana angepata rekodi ya maili alizosafiri za kumwonyesha nahodha mwingine.

"Mjomba, si ni maji tu," aliniambia. "Mimi nimekulia majini."

Mimi nilifanya kazi baharini miaka tisa, kwanza kwenye majahazi ya mizigo kati ya Dar es Salaam, Unguja na Tanga, baadaye kwenye boti za matanga zilizokuwa zikipelekwa Komoro. Sasa natengeneza mashua hapa Igombe. Kwa hiyo nilijua anakoenda. Kutoka Dar es Salaam hadi Mahé ni karibu maili 1,000 za baharini, yaani kilomita 1,850 hivi. Boti ya ukubwa ule ikienda noti tano (maili tano za baharini kwa saa) inakata maili 120 kwa siku, na ukihesabu siku za upepo mbaya unapata siku tisa hadi kumi na moja bila kuona nchi kavu.

Januari ni kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki. Ukitoka Dar es Salaam upepo unakujia karibu na uso, hivyo chombo huelekezwa mashariki na kusini kidogo kwanza; kadiri unavyosogea mashariki upepo unahamia kaskazini, kisha kaskazini-magharibi, na tanga linapumua. Miezi hiyo pia mkondo wa pwani yetu unaopanda kaskazini unakutana na ule unaoshuka kutoka Somalia, na maji yote yanageuka kuelekea mashariki. Boti inasukumwa bure. Nahodha aliyechagua Januari badala ya Julai alikuwa anajua kazi yake, na hilo lilinituliza kuliko barua zake zote. Vimbunga navyo vina msimu, Novemba hadi Aprili, lakini kwa kawaida hupita kusini zaidi, upande wa Madagaska na Msumbiji. Njia ya Mahé iko karibu na ikweta, ambako ni nadra. Nadra si kamwe. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika hadi jirani na Mafia.

Dada aliuliza kuhusu maharamia, na sikumficha. Oktoba 2009 wanandoa Waingereza walioondoka Mahé kuja Tanzania kwa boti kama ile ile walitekwa na kukaa mateka Somalia zaidi ya mwaka mzima. Hali ilitulia sana baada ya 2012, ingawa mwishoni mwa 2023 utekaji ulianza kusikika tena. Nilimpigia nahodha nikamuuliza moja kwa moja amepanga nini. Alinitajia njia yake, umbali atakaokaa kutoka Somalia, na kwamba angetoa taarifa za safari kwa wanamaji wanaofuatilia eneo lile. Asingejibu vizuri, kijana asingekwenda.

Sikumwambia dada kwamba bahari ni hatari kuliko ziwa, kwa kuwa siamini hivyo. Mtu wa umri wetu Mwanza anakumbuka alikuwa wapi Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia kufika hapa kwetu. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 ikikaribia gati ya Ukara. Watu waliiona nchi kavu. Bahari ina hatari zake nyingine, na nyingi zinaingia polepole, kupitia uchovu.

Wiki mbili za mafundo

Nilianza na mafundo. Kijana ambaye amefunga nyavu na mitumbwi tangu utotoni aliyashika kwa siku mbili, lakini niliendelea nayo kwa sababu alikuwa anafanya vizuri na mimi nilikuwa nafurahi. Kisha nikamfundisha maneno ya pwani: goshi na demani (upande upepo unakotoka na upande unakoenda), omo na tezi (mbele na nyuma ya chombo), kubisha dhidi ya upepo, kupunguza tanga kabla upepo haujakulazimisha. Tulipanda mashua yangu kila alasiri tukakata maji mbele ya Igombe hadi jua linazama. Ilikuwa raha. Kijana alikuwa na mikono mizuri na mimi nilikuwa na mwanafunzi.

Nilikuwa namfundisha ninayoyapenda mimi, na yaliyo karibu na anayoyajua yeye. Ndipo dada akauliza swali lake.

Usiku wa kuelekea Ukerewe

Jumamosi iliyofuata tulitoka watu watatu: mimi, mpwa wangu, na jirani yangu fundi seremala ambaye naye anajua tanga. Mpango ulikuwa kukaa majini saa 36 bila kugusa ufuko: kuelekea Ukerewe mpaka tuone taa za Nansio, kugeuka magharibi upande wa kisiwa cha Kome, na kurudi. Zamu ya saa tatu kila mmoja, mapumziko saa sita, kama itakavyokuwa kwenye boti ya watu watatu.

Ilikuwa mvua za vuli. Anayevua ziwani anajua radi zetu hupenda usiku: mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu na mawingu yanajenga huko, usiku upepo unageuka, unakutana katikati ya maji, na mvua inapiga kuelekea alfajiri. Usiku ule ngurumo zilikuwa mbali, upande wa magharibi. Upepo ulikuwa nyuma yetu, wa wastani, mashua ikienda vizuri.

Kijana alikamata usukani saa saba usiku. Nililala. Saa tisa na ushee nilisikia mlio kama wa mbao inayopasuka. Tanga lilikuwa limepinduka upande wa pili kwa nguvu, foromali, mti unaoshika tanga, imezunguka, na kamba ya demani ilikuwa imepita kwenye kiganja cha fundi aliyekuwa ndiyo kwanza anaamka kushika zamu yake. Ngozi ilichunika kutoka kwenye kidole cha shahada mpaka kwenye mzizi wa gumba. Mashua iliinama, ikajaza maji kama ndoo tatu, ikasimama. Tulimfunga fundi mkono kwa khanga, tukakumba maji, tukangoja kupambazuke.

Kijana alikuwa amesinzia. Hilo si ajabu, kila mtu husinzia. Nilichotaka kujua ni kwa nini alikuwa amechoka kiasi kile, maana kabla ya zamu hiyo alikuwa amepewa mapumziko marefu, tangu saa moja jioni mpaka saa saba. Alichukua muda kunijibu. Saa tatu za mwanzo alikaa macho akitusaidia, kwa sababu aliona aibu kulala wakati mjomba wake na mtu mzima mwingine wanafanya kazi. Saa tatu zilizofuata alijilaza macho wazi akisikiliza maji. Na alipoanza kuzidiwa na usingizi saa nane, kwa nini hakuniamsha?

"Ningekuamshaje, mjomba? Ulikuwa umelala."

Nimelifikiria jibu hilo sana. Alikuwa amefanya kila kitu tulichomfundisha nyumbani. Kijana halali wakati wakubwa wanahangaika. Kijana hasemi amechoka. Mkubwa akilala, unapita kwa kunyata na watoto unawanyamazisha. Ni malezi mazuri, nimelelewa hivyo na nimelea hivyo. Kwenye mtumbwi wa dagaa hayana madhara makubwa, kwa sababu kazi ni ya usiku mmoja, wote mnakesha pamoja, na asubuhi mnafika. Kwenye boti ya watu watatu, siku kumi, anayekesha ni mmoja tu. Watu wawili wamemkabidhi maisha yao wakaenda kulala. Akiona haya kulala kwa zamu yake, anaiba nguvu za zamu inayofuata. Akiona haya kuamsha, nahodha hana macho.

Kuanzia siku ile niliacha mafundo kabisa.

Kujifunza kulala na kuamsha

Zoezi lilikuwa hivi. Kila usiku kijana alikesha mwaloni kuanzia saa sita hadi saa tisa, akiandika kwenye daftari kila nusu saa: upepo unatoka wapi, mawingu, taa alizoziona. Saa tisa alikuja kwangu, mlango ukiwa umerudishwa tu, anaingia, ananigusa mguu na kusema mambo matatu: upepo ukoje, nini kinaonekana, nini kimebadilika tangu ashike zamu. Kisha anakwenda kulala saa sita mfululizo, ametaka hataka, simu ikiwa kwa mama yake, dirisha limezibwa kwa khanga nzito. Kulala kuliandikwa kwenye daftari pia, kama kazi nyingine yoyote.

Usiku wa kwanza hakuniamsha. Niliamka mwenyewe karibu saa kumi nikamkuta amesimama mlangoni na daftari mkononi. Usiku wa pili alikohoa nje mpaka nikaamka. Usiku wa tatu aliniita kwa sauti ya chini, "mjomba, samahani," kana kwamba ananiomba mkopo. Ilipita wiki nzima kabla hajanigusa mguu na kusema mambo yake matatu bila samahani. Mke wangu alisema namharibu mtoto. Nilimwelewa.

Tukaandika karatasi ya mambo ya kumwamsha nahodha bila kujiuliza mara mbili: upepo umeongezeka au umehama, wingu jeusi lililoshuka chini, chombo kinachokuja bila kubadilisha upande, sauti mpya ndani ya boti, maji mahali ambapo hayakuwepo, kujisikia mgonjwa au kuzidiwa na usingizi. La mwisho liliandikwa "shaka yoyote". Aliniuliza shaka ni nini. Nikamwambia: ukijikuta unajiuliza kama umwamshe, umeshapata jibu.

Nilimpigia nahodha kumweleza haya. Aliniambia angependelea kuamshwa mara ishirini bure kuliko kukosa mara moja, na nikamwomba amwambie kijana maneno hayo yeye mwenyewe siku ya kwanza, kwa kinywa chake. Ruhusa ya mjomba haitoshi ndani ya chombo cha mtu mwingine.

Macho na taa

Jambo hili sikulitarajia. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi chini ya taa kali. Taa ni chambo, na macho yake yamezoea kutazama mduara wa mwanga na giza linaloanzia pale mwanga unapoishia. Baharini ni kinyume. Unahitaji giza. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea, na ukiwasha tochi nyeupe sekunde moja unaanza upya. Tulifunga nailoni nyekundu kwenye tochi yake, nikamkataza kutazama simu wakati wa zamu.

Halafu taa zenyewe ni lugha. Chombo kina nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma, na meli kubwa ina nyeupe mbili juu, ya mbele ikiwa chini kuliko ya nyuma. Ukiona nyekundu tu, unaona ubavu wake wa kushoto. Ukiona nyekundu na kijani pamoja, inakuja kwako. Meli inayokwenda noti 20 ikitokea mbele yako umbali wa maili nane, nawe unakwenda noti tano kuikabili, mnakutana baada ya kama dakika 20. Kwa hiyo anayekesha anazungusha macho upeo mzima kila dakika kumi, mgongoni pia, na akiona taa anaipima kwa dira. Kama baada ya dakika tano dira inasoma namba ile ile na taa inazidi kukua, mtagongana, na ni wakati wa kumwamsha nahodha. Tulijizoeza kwa meli na vivuko vinavyopita mbele yetu kwenda na kutoka bandarini Mwanza, tukiwa tumekaa kwenye mawe na dira ya mkononi. Alilipenda zoezi hili kuliko yote.

Ndoo, mkanda na maji ya kunywa

Wavuvi wetu wanakojoa wakiwa wamesimama ukingoni mwa mtumbwi, mkono mmoja umeshika chochote. Wengine wameangukia ziwani hivyo hivyo, na wenzao wakawavuta. Boti inayokwenda noti tano inakuacha mita 150 nyuma kwa dakika moja. Usiku, kwenye mawimbi ya mita mbili, kichwa cha mtu hakionekani; hata mchana ni shida. Wenzako wamelala, hakuna atakayesikia. Niliweka sheria mbili, na alizishika hata ziwani akichekwa na wenzake: unakojoa umekaa, kwenye ndoo, na usiku hutoki nje bila jaketi okozi na mkanda uliofungwa kwenye kamba ya boti kabla mguu haujatoka ndani. Ndoo yenyewe haitupwi majini ikiwa imefungwa kiganjani. Maji yanayokimbia huivuta kwa nguvu ya kumtoa mtu.

Kuhusu maji ya kunywa, mtu wa ziwa hana dhana ya kiu. Ukiwa na kiu unainama unachota. Si salama, na kichocho tunakipata humo, lakini ndivyo tunavyoishi. Nilimpa chupa mbili za lita moja na nusu kila asubuhi kwa siku kumi: za kunywa, kupikia uji na kupigia mswaki. Mara ya kwanza zilimwishia saa tisa alasiri, akakaa anatazama ziwa lote lile mbele yake. Siku ya sita alikuwa anabakiza. Nahodha alikuwa amepanga lita nne kwa mtu kwa siku na akiba ya nusu zaidi, zote zimegawanywa kwenye matangi mawili na madumu, ili tangi moja likivuja wasipoteze kila kitu. Nilichotaka kijana apate ni tabia ya kuhesabu.

Afya nitaitaja kwa ufupi, lakini watu wa kanda yetu wasiiruke. Vimelea vya malaria hukaa mwilini wiki moja, mbili, hata zaidi kabla homa haijaanza. Anayeumwa na mbu Igombe tarehe mosi anaweza kushikwa na homa katikati ya bahari, na akifika Shelisheli, ambako malaria si ugonjwa wa kila siku, daktari anaweza asiifikirie haraka. Kijana alibeba vipimo vya haraka na dawa mseto alizopewa kituo cha afya, na aliambiwa akipata homa aseme neno "malaria" kabla ya neno lingine lolote. Kichocho alipima na kutibiwa kabla hajaondoka. Dawa ya kuzuia kutapika aliijaribu hapa hapa nyumbani, kwa sababu nyingi huleta usingizi, na si vizuri kuligundua hilo ukiwa kwenye zamu ya kwanza. Alikuwa na hakika hatatapika. Nilimwambia mawimbi ya ziwa ni mafupi na ya haraka, ya bahari ni marefu na mazito, na tumbo halijali umezaliwa wapi.

Dar es Salaam

Alikwenda siku kumi kabla. Alifanya mafunzo ya msingi ya usalama ya mabaharia: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza. Hayo siwezi kuyafundisha kwenye mashua ya Igombe, na nisingependa mtu yeyote aende bila hayo. Alifundishwa pia kuita kwenye redio ya VHF, chaneli 16, na kutumia kifaa cha ishara ya dharura kinachoita setilaiti.

Huko ndiko alikokutana na kupwa na kujaa kwa maji ya bahari. Nilimweleza, naye aliitikia. Lakini ziwa letu halina jambo hilo, na maelezo hayamfundishi mtu mikono. Siku ya pili alifunga kijiboti cha nahodha kwenye nguzo maji yakiwa yamejaa, kamba fupi, kama tunavyofunga mwaloni. Ilikuwa bamvua, siku za kujaa na kupwa kukubwa, ambapo maji ya Dar es Salaam hushuka zaidi ya mita tatu. Walirudi wakakuta kijiboti kimening'inia kwa pua, na vifaa vyote vimemwagika topeni. Nahodha hakugomba. Alimpa kijana jedwali la maji na kumwambia kuanzia siku hiyo yeye ndiye atakayesema saa za kupwa kila asubuhi. Nilimheshimu kwa hilo.

Siku kumi

Waliondoka na kufika Mahé asubuhi ya siku ya kumi. Haya nimeyatoa kwenye daftari lake na kwa mdomo wake.

Siku mbili za kwanza alitapika mpaka akawa hana cha kutapika. Saa ya nane ya siku ya pili alimwambia nahodha, bila kuulizwa, kwamba hawezi kushika zamu ya usiku kwa usalama. Waligawana zamu yake watu wawili. Alilala kwa muda wa saa tisa, akanywa maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo, na siku ya tatu akala viazi. Nilipousoma mstari huo kwenye daftari, "nimemwambia siwezi", niliufunga ukurasa nikakaa kimya kidogo. Desemba mapema asingeusema.

Aliamsha nahodha mara kumi na nne. Kumi na moja kati ya hizo hakukuwa na kitu. Mara moja ilikuwa meli ya mizigo ambayo dira haikubadilika kwa dakika saba, nahodha akageuza. Mara mbili ilikuwa wingu la mvua lenye upepo wa ghafla, na mojawapo lilifika dakika kumi tu baada ya wao kupunguza tanga.

Lugha ilisumbua zaidi ya nilivyofikiri. Kiingereza chake cha shule kilitosha mezani, lakini amri ya kamba inayopigiwa kelele kwenye upepo aliisikia kinyume mara mbili, akalegeza ilipotakiwa kuvutwa. Baharia wa Tanga ndiye aliyeleta dawa: kila amri irudiwe kwa sauti na anayepewa kabla hajaitekeleza. Sikuwa nimeliwaza hili, na sasa limo kwenye mafunzo yangu tangu siku ya kwanza.

Kosa langu kubwa lilikuwa chumvi. Ziwani unalowa, unakauka, unaendelea. Kijana alifua nguo zake kwa maji ya bahari siku ya tatu, akazianika, akazivaa. Nguo yenye chumvi haikauki kweli; chumvi inavuta unyevu wa hewa, na usiku inakuwa mbichi tena. Alizikalia zamu baada ya zamu. Kufikia siku ya saba alikuwa na vidonda makalioni na kwenye mapaja, anashika usukani amesimama, na usingizi niliomfundisha kwa wiki tatu ulimkatika kwa maumivu. Miaka tisa nimeishi na chumvi hiyo, na sikusema neno. Nadhani kwa mtu aliyekaa pwani ni jambo la kawaida kiasi kwamba halionekani tena kama jambo.

Aliporudi Igombe nilimuuliza angemwongezea nini kijana anayefuata. Alisema: seti moja ya nguo kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, za kulalia tu, zisiguswe na maji ya bahari hata tone. Kikombe kimoja cha maji yasiyo na chumvi kwa siku cha kupangusia mwili, kihesabiwe ndani ya lita zake. Na mtu wa kumpigia kelele za amri ziwani kwenye upepo, kwa Kiingereza.

Baba mmoja wa Kayenze ameniletea mwanawe wiki iliyopita. Boti yake inaondoka Tanga baada ya miezi miwili. Sijamwonyesha fundo hata moja. Usiku huu anakesha mwaloni na daftari, na saa tisa anatakiwa kuja kuniamsha.